Hermann Muller na tunda linalokawia kuoza
Katika kipindi chetu cha kilimo tumekuwa tukizungumzia maembe na mapapai yanayoozea njiani kabla ya kufika sokoni, na wataalamu wanaobadili mbegu kwa mionzi ili tunda likae zaidi. Njia hiyo ilifunguliwa na Mmarekani Hermann Joseph Muller.

Alizaliwa New York mwaka 1890. Alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, kwenye kundi la Thomas Hunt Morgan lililofuga wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu, ili kujua tabia hurithiwa vipi. Shida ilikuwa kusubiri, kwani jeni hubadilika zenyewe kwa nadra sana. Mwaka 1926, akiwa Chuo Kikuu cha Texas, Muller aliwapiga nzi hao eksirei, na mabadiliko yakaongezeka takriban mara 150. Karibu wakati huohuo Lewis Stadler aliona jambo hilohilo kwenye shayiri na mahindi.

Sifa hazikumletea utulivu. Mwaka 1932 alijaribu kujiua. Akaenda Berlin, Hitler akashika madaraka. Mwaka 1933 akahamia Urusi ya Kisovieti kwa mwaliko wa Nikolai Vavilov, bingwa wa mbegu. Huko Trofim Lysenko, aliyepinga elimu ya jeni, alikuwa anapendwa na Stalin. Muller alimpinga hadharani. Israel Agol na Solomon Levit, waliowahi kufanya kazi naye Texas, waliuawa. Mwaka 1937 Muller aliondoka kupitia Hispania, iliyokuwa vitani. Vavilov alibaki, akafia gerezani mwaka 1943.

Alikofikia, Edinburgh, ndiko tunakoona uzito wa habari hii kwa mkulima wa matunda. Muller alimhimiza Charlotte Auerbach, mkimbizi kutoka Ujerumani, achunguze mabadiliko ya jeni. Auerbach na wenzake wakagundua kwamba gesi ya haradali, silaha ya vita, nayo hubadili jeni kama eksirei.

Sasa turudi kwenye tunda. Ndizi, embe na papai huiva kwa gesi iitwayo etilini, ambayo tunda hujitengenezea. Mama anayevundika ndizi anaizuia gesi hiyo isitoroke. Ukiidhoofisha jeni inayoitengeneza, tunda hukawia kulainika. Mwaka 2010 watafiti nchini Ufaransa walitangaza tikiti tamu la namna hiyo, lililopatikana kwa kemikali, yaani njia iliyoanzia kwa Auerbach.

Muller alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1946, kisha akatumia umaarufu wake kuonya juu ya mionzi. Mwaka 1955 alitia saini tamko la Russell na Einstein dhidi ya silaha za nyuklia. Wengine huona hapo anajipinga. Sisi hatuoni hivyo. Alishikilia kwamba mabadiliko mengi ya jeni ni madhara, na wazalishaji wa mbegu wanalijua hilo vizuri: hupanda maelfu ya miche na kutupa karibu yote. Mbegu hupigwa mionzi mara moja tu mwanzoni, na tunda linalofika sokoni vizazi kadhaa baadaye halina mionzi hiyo.

Muller alifariki Indianapolis Aprili 1967. Kwa mwembe kazi hiyo bado ni ya polepole, maana mti uliopandwa kwa kokwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa embe la kwanza la kujaribiwa.