Christiaan Huygens, Mholanzi aliyeupa mshale wa dakika kazi

Katika mtaa wa Biryogo mjini Kigali, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa, mshale mfupi wa saa husomwa kwa tarakimu iliyo upande wa pili. Ukielekea nane asubuhi, watu husema ni saa mbili, na Kinyarwanda nacho huhesabu vivyo hivyo. Mshale mrefu hauna ubishi: husomwa namna moja Kigali na Amsterdam. Heshima hiyo mshale wa dakika uliipata kwa kazi ya Christiaan Huygens.

Huygens alizaliwa The Hague, Uholanzi, tarehe 14 Aprili 1629. Baba yake, Constantijn, alikuwa mwanadiplomasia na mshairi. Mwaka 1655, kwa darubini aliyoitengeneza pamoja na kaka yake, Huygens aliugundua Titan, mwezi wa sayari ya Zohali.

Saa nyingi za Ulaya wakati huo zilikuwa na mshale mmoja tu. Nafasi baina ya saa na saa iligawanywa robo nne, na usahihi ulikomea hapo. Mafundi waliujua mshale wa dakika, lakini ulikuwa pambo zaidi kuliko msaada, kwa kuwa hata saa nzuri iliweza kukosea robo saa kwa siku.

Mwishoni mwa 1656 Huygens aliiongoza saa kwa timazi, yaani uzito unaoning'inia na kuyumba kwa vipindi vinavyolingana. Mwaka uliofuata Salomon Coster, fundi wa The Hague, alipewa hataza ya kuziunda saa hizo. Kosa lilishuka hadi sekunde 15 hivi kwa siku. Coster aliufunika uso wa saa kwa mahameli, juu yake akaweka pete yenye alama 60 za dakika, na mishale miwili ikazunguka kutoka kitovu kimoja. Saa ya ukutani ya leo haijaiacha sura hiyo.

Saa ya mfukoni ilikuwa jambo jingine, maana timazi haivumilii kutikiswa. Mwaka 1675, akiwa Paris alikohamia mwaka 1666 kuitumikia Akademia ya Sayansi ya Mfalme Louis wa 14, Huygens alibuni kamani nyembamba iliyosokotwa ya kurekebisha mwendo wa gurudumu. Ugomvi ulifuata mara moja. Fundi wake mwenyewe, Isaac Thuret, alitaka sehemu ya sifa, na mjini London Robert Hooke alidai kwamba wazo hilo lilikuwa lake tangu zamani. Mafundi, kwa upande wao, walihangaika na namna ya kuonyesha dakika. Wengine waliunda uso wa saa sita tu wenye mshale mmoja, kitu cha kupendeza na kigumu kusoma, kabla ya mishale miwili kushinda.

Shabaha kubwa ya Huygens ilikuwa bahari. Nahodha mwenye saa ya kweli angeijua longitudo yake, na mabaharia wengi walikuwa wakiangamia kwa kutoijua. Mwaka 1681 maradhi yalimrudisha The Hague, na Ufaransa iliyokuwa ikiwabana Waprotestanti kama yeye haikumwona tena akifanya kazi huko. Hata hivyo, mwaka 1686 saa zake zilisafirishwa hadi Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Katika safari ya kurudi, hesabu zilionyesha merikebu ikikatiza nchi kavu ya Ireland na Scotland. Huygens alieleza kwamba mzunguko wa dunia huipunguzia timazi kasi karibu na Ikweta. Alipolisahihisha hilo, njia ilirudi baharini. Jaribio lililofuata, hata hivyo, halikufaulu.

Alifariki dunia The Hague tarehe 8 Julai 1695, akiwa na umri wa miaka 66, bila mke wala mtoto. Nchini Uingereza, mtoto wa seremala aitwaye John Harrison alikuwa na miaka miwili. Saa ya Harrison iliyofaulu baharini kuanzia 1761 haikuwa na timazi. Ilitumia kamani iliyosokotwa.