Hunayn bin Ishaq, Tabibu wa Tabaka za Jicho

Zama za Makhalifa wa Bani Abbas tabibu wa macho aliitwa kahhal, jina litokanalo na kuhl, nao ni wanja. Aliyewatangulia wengi wao kwa kalamu hakuwa Mwislamu. Hunayn bin Ishaq alikuwa Mkristo wa Hira, karibu na Kufa, mwana wa muuza dawa, aliyezaliwa yapata mwaka 808.

Alisoma tiba Baghdad kwa Yuhanna bin Masawayh. Maswali yake yalimchosha mwalimu, akamfukuza kwa kejeli kwamba watu wa Hira wanafaa biashara, si utabibu. Hunayn akatoka akilia. Akajifunza Kiyunani miaka kadhaa, akarejea akiwa mfasiri ambaye hata mwalimu yule alimhitaji.

Wanahistoria wanasimulia kuwa Khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala 847 hadi 861, alimtaka atengeneze sumu ya kumwulia adui. Akakataa, akafungwa takriban mwaka mzima. Akatolewa, akawekewa mali upande mmoja na upanga upande wa pili, akakataa tena. Alitaja sababu mbili: dini yake, iamuruyo wema hata kwa adui, na kazi yake, iliyowekwa kwa manufaa ya watu. Kumbe alikuwa akijaribiwa uaminifu! Khalifa akamkirimu.

Makala zake kumi juu ya jicho alizikusanya kwa zaidi ya miaka 30. Humo ameeleza multahima, utando laini unaofunika weupe wa jicho na kulishikamanisha, na qarniyya, yaani konea, iliyoitwa hivyo kutokana na qarn, pembe, kwa kuwa ni imara lakini yapitisha nuru kama pembe iliyoparuzwa ikawa nyembamba. Ameeleza pia jarab, maradhi ya ndani ya kope yanayolingana na vikope vyetu.

Kwake yeye, tabaka hizi zote ni watumishi wa lenzi, ambayo, akimfuata Galen, aliiweka katikati ya jicho na kuidhania ndiyo ionayo. Hapo alikosea: lenzi iko mbele, nyuma tu ya mboni, na nuru hupokewa na retina. Lakini majina yale mawili, multahima na qarniyya, ndiyo watumiayo madaktari wa Kiarabu hadi leo.

Alifariki Baghdad yapata mwaka 873. Makala hizo, pamoja na michoro ya jicho, zilichapishwa Cairo mwaka 1928 na Max Meyerhof, naye mwenyewe daktari wa macho.