Tippu Tip: Misafara, mikopo na mapatano yaliyozua kesi

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alifanya biashara kutoka Zanzibar kupitia Tabora hadi Kongo. Leo tunamwangazia kwa jambo linalomgusa kila mwenye duka: kumbukumbu za nani anadaiwa nini.

Tippu Tip alikuwa nani?

Alizaliwa Zanzibar, inakadiriwa mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya biashara Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tippu Tip alianza na sandarusi, kisha akamfuata baba yake bara.

Vitambaa na shanga vilitoka pwani, pembe za ndovu zikarudi mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Watu pia walitekwa na kuuzwa utumwani. Tajiri Taria Topan wa Zanzibar alimkopesha bidhaa, na malipo yalingoja miaka. Safari aliyoianza mwaka 1870 ilimrudisha Zanzibar mwaka 1882.

Kesi ilitokana na nini?

Mwaka 1887 alikubali kumpatia Henry Morton Stanley wapagazi 600. Wapagazi walichelewa na hawakutimia, Stanley akafungua kesi Zanzibar akidai fedha. Tippu Tip naye alijitetea kwamba hakupewa baruti aliyoahidiwa. Ahadi hizo mbili zilitegemeana, lakini kila upande ulishika ile inayoufaa. Alirudi Zanzibar mwaka 1891, akafariki huko mwaka 1905.

Tunajifunza nini leo?

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi kampuni ya IBM, alieleza namna ya kupanga kumbukumbu katika majedwali yanayohusiana. Ndiyo kanzidata inayotumiwa hadi leo. Tuchukue muuza asali wa Tabora. Anahitaji majedwali manne, hata kwenye daftari:

- Wateja: namba ya mteja, jina, simu.
- Bidhaa: namba ya bidhaa, jina, kipimo.
- Mauzo: namba ya mauzo, tarehe, namba ya mteja, namba ya bidhaa, kiasi, bei.
- Malipo: tarehe, namba ya mauzo, fedha iliyolipwa.

Jina la mteja linaandikwa mara moja tu. Akibadilisha simu, unarekebisha mahali pamoja. Kila malipo yanataja mauzo yake, hivyo ukitoa yaliyolipwa kwenye bei ya mauzo hayo, unapata deni lililobaki. Mkiandika wote wawili mkiwepo, hakuna atakayekumbuka nusu ya mapatano.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Majina ya Tippu Tip, Taria Topan na Stanley tunayo. Wapagazi na watumwa waliobeba utajiri wao walihesabiwa kwa idadi, na wengi wao hatuyajui majina yao hadi leo. Ukiwa na vibarua, nao waandikie jedwali: jina, siku walizofanya kazi na ujira wao.