Humphrey Bogart, Mwanafunzi Aliyefukuzwa Shule

 

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye wanafunzi wanaweza kupata funzo kwake. Bila shaka alitegemea kwamba nitachagua kiongozi au mwanasayansi. Mimi nimemchagua mchezaji sinema wa Marekani, Humphrey Bogart. Sababu yake wale tuliokuwa pamoja kidato cha tatu mwaka 1994 wataikisia. Wengine wataiona mbele.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Jumamosi moja mwalimu wetu wa Kiingereza aliazima mtambo wa sinema na mikanda mitatu ya filamu ya zamani iitwayo The Maltese Falcon. Shuka mbili nyeupe zikaunganishwa na kutundikwa ukumbini. Video tulikuwa tumekwisha kuziona katika vibanda vya Temeke na Kinondoni, watu mia wakisukumana mbele ya televisheni moja ndogo. Lakini uso wa mtu mkubwa kuliko mlango wa bweni, nusu uko mwangani na nusu gizani, hatukuwa tumeuona.

Bogart alikuwa mpelelezi Sam Spade. Mapema kabisa mwenzake wa kazi anapigwa risasi usiku, na tangu hapo kila mtu anasema uongo kwa ajili ya sanamu ya ndege inayosemekana kuwa ya dhahabu na vito. Mwishoni mwa mkanda wa pili nahodha wa meli aliyejeruhiwa anaingia ofisini kwa Spade na furushi mikononi, anaanguka na kufa. Mwalimu akaanza kufunga mkanda wa tatu. Umeme ukakatika. Haukurudi usiku ule, na Jumatatu asubuhi mikanda ikarudishwa kwa wenyewe. Bweni zima likabaki linabishana juu ya muuaji ni nani.

Basi, huyu Bogart alikuwa nani?

Alizaliwa mjini New York tarehe 25 Desemba, 1899. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji na mama yake mchoraji mwenye jina. Mtoto wa watu wenye uwezo, alipelekwa katika shule ya bweni ya Phillips Academy huko Andover, shule aliyosoma baba yake, kwa matumaini kwamba ataendelea hadi Chuo Kikuu cha Yale. Mwezi Mei 1918 alifukuzwa. Habari zinazosimuliwa juu ya kisa chake ni nyingi, lakini alama zake zilikuwa mbaya, na hilo halina ubishi. Akajiunga na jeshi la wanamaji, na baada ya vita akapata kazi ndogo ndogo katika michezo ya jukwaani.

Kwa miaka mingi hakuna aliyemwona kuwa mtu wa maana. Mwaka 1935 akapata nafasi ya kuigiza jambazi katika mchezo wa The Petrified Forest, pamoja na Mwingereza Leslie Howard aliyekuwa nyota. Kampuni ya Warner Brothers ilipotaka kuutengeneza mchezo huo kuwa filamu, ilikusudia kumpa mtu mwingine nafasi ya Bogart. Howard alipeleka simu ya maandishi kuwaarifu kwamba bila Bogart, yeye pia hayumo. Wakakubali. Bogart hakusahau wema huo: alipopata binti mwaka 1952 alimwita Leslie.

Hata hivyo, kwa miaka mitano zaidi alikuwa mtu wa kuigiza majambazi, na mara nyingi aliuawa kabla filamu haijaisha. Bahati ilimjia mwaka 1941, alipokuwa na umri wa miaka 41. George Raft, aliyekuwa na jina kubwa kuliko yeye, alikataa The Maltese Falcon kwa kuwa mwongozaji wake, John Huston, alikuwa hajawahi kuongoza filamu hata moja. Bogart akaichukua. Mwaka 1942 akaigiza Casablanca, iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu bora. Mwaka 1945 akamwoa mwigizaji Lauren Bacall, na mwaka uliofuata wakaonekana pamoja katika The Big Sleep.

Filamu za namna hii Wafaransa walizipa jina la filamu nyeusi mwaka 1946. Uhalifu umo, lakini jambo lenyewe hasa ni mtu wa kawaida anayebanwa na tamaa, hofu na uongo, usiku, katika mitaa ya mji mkubwa. Giza lake linataka ukumbi na kitambaa kipana; katika televisheni ndogo huoni kitu ila weusi. Nawaonea wivu wazee wetu wa Dar es Salaam waliokuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo na New Chox. Hata kule Msasani, wilayani Kinondoni, ilifunguliwa sinema ya magari mwaka 1966, na leo kiwanja kile kina Ubalozi wa Marekani.

Bogart mwenyewe alifika huku kwetu. Mwaka 1951 alikuja Kongo na Uganda kupiga filamu ya The African Queen pamoja na Katharine Hepburn, chini ya Huston yule yule. Hadithi yenyewe imewekwa katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, yaani nchi yetu hii, na meli yake ya vita inamkumbusha Mtanzania ile Graf von Götzen, iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa, na kuitwa Liemba. Wenzake wengi waliugua tumbo kambini. Yeye na Huston, waliokunywa wiski badala ya maji, walisalimika. Kwa kazi hiyo alipata Oscar yake pekee, mwaka 1952. Wadogo zangu wasiige wiski ile, wala sigara zake. Saratani ya umio ilimwua tarehe 14 Januari, 1957, akiwa na miaka 57 tu.

Mwaka 1947 nimeuruka kwa makusudi. Mwaka ule kamati ya Bunge la Marekani iliwahoji watu wa sinema waliotuhumiwa kuwa Wakomunisti. Mwezi Oktoba Bogart, Bacall, Huston na wengine walipanda ndege kwenda Washington kuwatetea wenzao waliobanwa. Magazeti yakamgeukia, na kampuni za filamu zikaingiwa na hofu. Kabla mwaka haujaisha Bogart alitangaza kwamba safari ile ilikuwa kosa, na mwaka 1948 makala ilitoka katika jarida kwa jina lake akijitenga na jambo zima. Watu kumi kati ya wale waliohojiwa walifungwa gerezani. Yule mtu wa kwenye kitambaa, asiyeogopa bastola, aliogopa kupoteza kazi. Mimi simhukumu, na nitaeleza kwa nini.

Jumamosi iliyofuata ule usiku wa mgao, mimi na rafiki yangu mmoja tulipita chini ya seng'enge ya shule, tukaenda mjini kutafuta sinema yenye filamu ile. Hatukuipata. Tukaangalia filamu nyingine, tukakosa daladala ya mwisho, tukarudi kwa miguu kupitia Keko na Chang'ombe. Nilitangulia mimi kupita kwenye seng'enge. Mlinzi akamkamata yeye. Alipoulizwa alikuwa na nani, alijibu kwamba alikuwa peke yake. Ilikuwa mara yake ya pili kukamatwa, na kwa mujibu wa sheria za shule alifukuzwa. Paredi ya Jumatatu aliposomwa jina, nilisimama mistari miwili nyuma yake, nikatazama viatu vyangu.

Nilimaliza kidato cha nne, cha sita, na chuo kikuu, nikaajiriwa serikalini. Mwaka 2011 nilipelekwa London kwa mafunzo mafupi. Jioni moja nikaona tangazo la The Maltese Falcon katika sinema ndogo inayoonyesha filamu za zamani, nikaingia. Miaka 17 baadaye nikauona mkanda wa tatu. Ndege yule ni wa risasi nyeusi, si dhahabu. Muuaji ni mwanamke ambaye Spade ameanza kumpenda, na Spade anamkabidhi kwa polisi, kwa sababu mtu aliyefanya kazi na mwenzako na akauawa, hukai kimya hata kama hukumpenda sana. Watu wakatoka ukumbini. Mimi nilibaki nimekaa hadi wahudumu walipokuja kufagia.

Hata hivyo nilichukua miaka mingine mingi. Mwezi uliopita ndipo nilipokwenda Tandika, kwenye karakana yake ya kuchomea vyuma, nikamwambia rafiki yangu nilichopaswa kumwambia Mkuu wa Shule mwaka 1994. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniwekea kiti, akaagiza chai. Kisha akaniuliza jambo moja tu: yule nahodha alipoanguka na furushi, kilifuata nini? Yeye hakupata kuuona mkanda wa tatu.

Nimemwomba asinilazimishe kumsimulia. Jina lake halimo katika orodha ya wanafunzi wa zamani, kwa kuwa hakumaliza. Naiomba Kamati ya mkutano wetu imwandike pamoja na wengine wa namna yake, wamalize wasimalize. Walikula ugali wa ukumbi ule ule. Na usiku wa mkutano, kitambaa kitundikwe pale pale, filamu ionyeshwe tangu mwanzo hadi mwisho. Gharama ya jenereta ni juu yangu.