Matia Mulumba, Mtu Mzima Aliyepima Kabla ya Kufuata

Kila tarehe 3 Juni tunapoadhimisha Mashahidi wa Uganda, macho yetu huenda kwanza kwa vijana wa ikulu: Karoli Lwanga na wenzake, na Kizito aliyekuwa mdogo kuliko wote. Wanastahili. Lakini kwa mtu anayetaka kujifunza kupambanua roho katika maisha ya kawaida, ya nyumba, kazi na majirani, tunaona anafaa zaidi mtu wa makamo ambaye wengi wetu twamtaja kwa haraka katika litania: Matia Kalemba Mulumba.

Alizaliwa Busoga yapata mwaka 1836. Akiwa bado mtoto alitekwa pamoja na mama yake, akauzwa Buganda. Bahati yake ni kwamba mtu aliyempokea alimlea kama mwanawe. Baba huyo mlezi hakuridhika na dini aliyoirithi. Kabla ya kufa alimwachia kijana usia kwamba siku moja watafika watu wa kufundisha njia ya kweli, na kwamba akiwaona awasikilize. Hivyo Mulumba alikua akiwa na swali moyoni.

Alipata madaraka katika nyumba ya Mukwenda, mkuu wa jimbo la Ssingo. Uislamu ulipopata nguvu wakati wa Kabaka Mutesa, aliupokea. Walipofika wamisionari wa Kianglikana, alikwenda kusikiliza mafundisho ya Mackay. Kisha Februari 1879 wakaja Mapadre Weupe, Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans. Habari zilizoenea juu ya wageni hao hazikuwa nzuri, na Mulumba alizisikia zote.

Hapa tukae kidogo. Angeweza kuziamini zile habari na kuyamaliza. Angeweza pia kuzipuuza na kukimbilia kitu kipya. Yeye aliendelea kusali, akimwomba Mungu amwonyeshe ukweli, halafu akaenda kujionea mwenyewe. Alitazama jinsi mapadre walivyoishi na walivyowapokea watu, akalinganisha na aliyoyasikia. Mwaka 1880 alijiandikisha kuwa mkatekumeni. Alibatizwa Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882, karibu miaka miwili baadaye.

Msomaji wetu wa Dirma anaweza kuuliza: je, huyu hana tofauti gani na jirani anayehama kila wiki kutoka kwa mhubiri mmoja hadi mwingine, leo akifuata maji ya upako, kesho mafuta? Swali ni la haki. Hatusemi hivi kwa kuwadharau Waislamu wala Waanglikana, ambao baadhi yao waliuawa kwa ajili ya Kristo siku zilezile na Lwanga. Ila tazameni mambo mawili. Jirani yetu huuliza atapata nini. Mulumba aliuliza lipi ni kweli. Na kila hatua aliyopiga ilimgharimu zaidi ya ile ya kwanza. Alikuwa na wake wengi, kama ilivyotarajiwa kwa mtu wa cheo chake, naye akabaki na mmoja. Uamuzi huo haukumgusa yeye peke yake, na tusiusimulie kana kwamba ulikuwa mwepesi. Inasimuliwa pia kwamba safarini alijibebea mzigo wake, jambo lililowashangaza waliojua madaraka yake.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipolala kitandani na majeraha ya vita ya mwaka 1521, aligundua kwamba mawazo mengine humfurahisha mtu kisha humwacha mkavu, na mengine humwacha na amani. Baadaye aliandika kanuni ambazo waseminari wetu wanazisoma. Mulumba hakuzisoma. Alijifunza kwa kungoja na kutazama matunda.

Jaribio kubwa lilikuja mapema. Novemba 1882, miezi sita tu baada ya ubatizo wake, mapadre wote waliondoka Buganda wakaenda Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa muda wote huo hapakuwa na Misa wala kitubio, na hapakuwa na padre wa kuulizwa. Huko Mityana, Mulumba pamoja na Noa Mawaggali na Luka Banabakintu waliendelea kukusanya watu, kufundisha na kusali. Mambo ya kila siku waliyaamua wenyewe kwa kile walichokuwa wamekipokea. Walei wa vigango vyetu vya Mbulu na Hanang, mnaoongoza ibada Jumapili padre asipofika, mnaijua kazi hii kuliko sisi tunaoiandika. Mapadre waliporudi, jumuiya ya Mityana haikuwa imesinyaa. Ilikuwa imekua hadi kufikia watu wapatao 200.

Mei 1886 Kabaka Mwanga alipoamuru wasali wakamatwe, Mulumba na Luka walikamatwa. Katikiro alimhoji Mulumba kwa dhihaka, akistaajabu mtu mzima mwenye cheo kushika dini hiyo. Mulumba hakubadili neno. Tarehe 27 Mei walifungwa kamba pamoja na Luka kuelekea Namugongo. Walipofika mahali panapoitwa leo Old Kampala, Mulumba alikataa kuendelea, akataka auawe papo hapo. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakaifunga mishipa ili asife upesi, wakamwacha. Siku ya tatu watu waliokuja kukata matete walimsikia akiomba maji. Walipoona hali yake walikimbia kwa hofu.

Luka alifikishwa Namugongo akachomwa moto tarehe 3 Juni pamoja na Lwanga. Noa aliuawa Mityana tarehe 31 Mei. Papa Paulo VI aliwatangaza wote kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na pale Old Kampala leo ipo parokia yenye jina la Mtakatifu Matia Mulumba.