Nikolai Vavilov na Vitunguu vya Mwituni

Katika milima ya Kopet Dag, mpakani mwa Turkmenistan na Iran, huota kitunguu mwitu ambacho wanasayansi wamekipa jina la Vavilov. Hakiuzwi sokoni, lakini ni jamaa wa karibu mno wa kitunguu maji. Kitunguu maji chenyewe hakijulikani kuota mwituni popote pale. Kimebaki mikononi mwa wakulima tu, kwa zaidi ya miaka 4,000.

Nikolai Ivanovich Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887, mwana wa mfanyabiashara mwenye asili ya ukulima. Alisomea kilimo mjini humo, na mwaka 1913 akaenda Uingereza kujifunza kwa William Bateson, mmoja wa waasisi wa elimu ya urithi. Tangu hapo alisumbuliwa na swali la chimbuko la mazao. Alishikilia kwamba pale zao linapopatikana kwa aina nyingi zaidi, pamoja na jamaa zake wa mwituni, ndipo lilipoanzia, na ndipo pa kutafuta kinga dhidi ya maradhi na ukame ambayo mbegu za shambani zimeipoteza.

Alisafiri Uajemi na Pamir mwaka 1916, kisha Afghanistan mwaka 1924. Chimbuko la kitunguu maji, kitunguu saumu na karoti aliliweka Asia ya Kati. Mwaka 1927 alifika Ethiopia, akapokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie. Wingi wa aina za ngano na shayiri alizozikuta katika nyanda za juu ulimstaajabisha, akaihesabu nchi hiyo kuwa chimbuko linalojitegemea.

Usahihi wa fikra yake unaonekana vizuri katika kitunguu. Ugonjwa wa ubwiri vinyoya hukausha majani na kudumaza kitunguu ardhini, na aina za kawaida hazina kinga ya kutosha. Kinga kamili ilipatikana katika Allium roylei, kitunguu mwitu cha milima ya Himalaya. Wataalamu wa Uholanzi walikipandanisha na kitunguu maji, kisha wakawarudisha machotara kwa mzazi wa shambani, kizazi baada ya kizazi, ili tabia za mwituni zipungue na jeni ya kinga ibaki. Katika nchi za baridi kitunguu huchukua miaka miwili kutoka mbegu hadi mbegu. Zaidi ya hayo, jeni hiyo ilifuatana na kasoro iliyoua mimea iliyoirithi kwa wazazi wote wawili, na kuitenganisha nayo hakukuwa kazi rahisi. Mradi mzima ulichukua takriban miaka 20.

Subira ya namna hiyo ndiyo iliyokosekana katika utawala wa Stalin. Baada ya njaa ya miaka ya 1930, serikali ilitaka mavuno ya haraka, na Trofim Lysenko, aliyezikana jeni waziwazi, aliahidi kuyaleta. Vavilov hakukubali kuahidi kile ambacho mimea haikiwezi. Tarehe 6 Agosti 1940, akiwa anakusanya mimea magharibi mwa Ukraine, alikamatwa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20.

Wakati huohuo Leningrad ilizingirwa na majeshi ya Ujerumani. Katika taasisi aliyoijenga, yenye sampuli za mbegu zipatazo 250,000, baadhi ya watumishi walikufa kwa njaa huku magunia ya mpunga na nafaka nyingine yakiwa mbele yao, hawakuyagusa.

Vavilov mwenyewe alifariki katika gereza la Saratov tarehe 26 Januari 1943, mwili ukiwa umedhoofishwa na njaa, akazikwa katika kaburi la pamoja. Hukumu yake ilifutwa mwaka 1955.