Kabaka Muteesa I: Mfalme Aliyependa Kuuliza



Mimi ni mtoto wa Kyarumba, Kasese, mbali na Buganda. Hata hivyo, maisha ya Kabaka Muteesa I yananigusa, kwa sababu nami, kama wengi wenu, napenda kuuliza.

Muteesa alitawazwa mwaka 1856 akiwa kijana. Baba yake, Suuna II, alikuwa amemsikiliza mfanyabiashara Mwislamu Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda mwaka 1844 na kumkemea kwa kuua watu ovyo. Mwana akaenda mbali zaidi ya baba. Alijifunza Kiswahili na kusoma Kiarabu, akajenga msikiti, na kuanzia mwaka 1867 akafunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi. Vijana waliomhudumia ikulu walisoma pia. Alipokuja Stanley mwaka 1875, Muteesa akamhoji juu ya Ukristo. Wamishonari walipofika baadaye, aliwaacha wajadiliane na Waislamu mbele yake huku yeye akisikiliza.

Wanasaikolojia huuita udadisi mlango wa kukua. Naafiki, ila mlango ni wa kuingia, si wa kuchungulia tu. Muteesa hakukubali kutahiriwa, kwa kuwa mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagwa. Walipokuja Waislamu kutoka upande wa Misri, walifundisha kwamba asiyetahiriwa hafai kuwa imamu. Vijana wa ikulu wakaanza kukataa kuswali nyuma yake na kula nyama iliyochinjwa kwake. Mwaka 1876 akaamuru wauawe. Takriban 70 walipoteza maisha yao Namugongo.

Tazameni: darasa lilikuwa moja. Mfalme alitaka kujua. Vijana walitaka kujua na kuishi walichokijua. Jibu lilipomdai Muteesa ashushe cheo chake kidogo, aliwaadhibu waliolikubali. Alifariki mwaka 1884 bila kutulia katika dini yoyote kati ya zile alizozidadisi, akazikwa Kasubi.

Kuuliza si ujinga, na chuoni tunahimizwa kuuliza. Lakini ndugu yangu, kabla hujainua mkono darasani au kumwendea sheikh, jiulize kwanza: nikijibiwa kinyume cha ninavyopenda, niko tayari kubadilika? Hapo ndipo elimu inapoanza kumkuza mtu.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa. Amin.